Ndege ya kukodi kwa safari za kikazi: lini inalipa, lini inakula hela ya kampuni

Swali

Shikamoo Kapteni. Mimi ni meneja wa fedha wa kampuni ya makaa ya mawe. Makao makuu yetu yako Dar es Salaam, ofisi ya uzalishaji iko Songea, na ya usafirishaji iko Mtwara karibu na bandari. Kila robo mwaka watu wetu saba huzungukia ofisi hizo mbili, na safari inakula karibu wiki nzima. Sasa mkurugenzi anataka tukodi ndege ndogo, na mjumbe mmoja wa bodi amesema bora tununue ya kwetu kabisa. Mimi naiona ni anasa, na mkaguzi akija nitakayeulizwa ni mimi. Je, ndege ya kukodi ina faida ya kweli kwa biashara, au ni wakubwa kujionyesha tu? Na nikitaka kuhesabu, nianzie wapi?

Jibu

Marahaba, dada. Wanaonipigia simu kuhusu ndege za kukodi kwa kawaida ni wakurugenzi, na mkurugenzi akishapiga simu huwa ameshaamua. Anachotaka kujua ni bei. Kwa hiyo nimefurahi sana kuulizwa na mtu anayeshika daftari, maana jibu lenyewe limo daftarini. Nimerusha Cessna Caravan miaka kumi na minne, na tangu niache urubani kazi yangu ni kupangia makampuni safari za namna hii. Nakujibu kwanza, maelezo yafuate: kwa mzunguko wenu wa Songea na Mtwara, watu saba, ndege ya kukodi inaweza kulipa, na ikilipa utaitetea kwa namba mbele ya mkaguzi yeyote. Ingekuwa ni watu watatu wanaokwenda Mwanza kwa mkutano mmoja na kurudi, ningekuambia kateni tiketi za ndege ya ratiba, basi. Kununua ndege, hapana.

Anza na ramani. Ukiunganisha Dar es Salaam, Songea na Mtwara unapata pembetatu. Dar mpaka Songea kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 580, Songea mpaka Mtwara kama 500, Mtwara mpaka Dar kama 400. Jumla haifiki kilomita 1,500. Kwa barabara pembetatu hiyo hiyo inapita kilomita 2,100: mnapanda kwa Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe mpaka Songea, mnakata Namtumbo, Tunduru na Masasi kuelekea Mtwara, kisha Lindi na Kibiti kurudi nyumbani. Kila upande wa pembetatu ni siku nzima ya dereva. Ndege ya ratiba inafupisha mwendo, lakini haifuati pembetatu yenu. Mara nyingi mtu aliyeko Songea anayetaka kwenda Mtwara inambidi arudi kwanza Dar, alale, aondoke tena kesho yake au keshokutwa kutegemea siku ambazo ndege ina safari. Wiki yenu inaishia hapo, kwenye kusubiri siku ya ndege.

Ukikodi, ratiba inakuwa yenu. Mnaondoka Dar alfajiri, mnafanya kazi Songea asubuhi, mnavuka kwenda Mtwara mchana, jioni mnalala majumbani kwenu. Hicho ndicho mnacholipia. Anayelipia viti vya ngozi na kinywaji baridi atajikuta analipa sana kwa kitu kidogo.

Sasa daftari. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu. Wewe weka zako. Tuseme profoma uliyoletewa, yaani karatasi ya bei, ya mzunguko wote ni shilingi milioni 20. Kwa ndege ya ratiba kila mtu anahitaji tiketi mbili za kwenda na kurudi, moja ya Songea na moja ya Mtwara. Tuseme kila moja ni 500,000: watu saba, milioni 7. Malazi na posho tuseme 250,000 kwa usiku mmoja, na kuna siku tatu za kulala: watu saba, milioni 5 na 250,000. Jumla milioni 12 na 250,000. Ndege ya kukodi imezidi kwa milioni 7 na 750,000, na hapa ndipo mameneja wengi wa fedha hufunga daftari wakasema ni ghali.

Usilifunge. Safari ya ratiba, hata ikienda vizuri, inachukua siku nne za kazi. Ya kukodi inachukua moja. Watu saba wakiokoa siku tatu kila mmoja, mmeokoa siku 21 za kazi. Gawanya milioni 7 na 750,000 kwa 21, unapata kama shilingi 369,000. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye bodi, na swali linalokwenda nayo ni hili: siku moja ya kila mmoja wa hawa watu saba, akiwa kazini kwake, ina thamani ya 369,000 kwa kampuni, au haina? Ukijibu hilo kwa uaminifu umemaliza kazi. Usigawanye mshahara kwa siku ukadhani umepata thamani. Mhandisi ambaye mtambo hauwashwi bila yeye ana thamani kubwa kuliko mshahara wake siku mtambo umesimama. Mtu wa mikataba ambaye meli iko Mtwara inasubiri shehena, na kila siku ya kusubiri inalipiwa, ana thamani ya hiyo meli. Lakini pia kuna wale wanaokwenda kwa sababu wamezoea kwenda, na siku yao haifiki 369,000. Unawajua kuliko mimi.

Rudia hesabu hiyo kwa watu wanne. Bei ya ndege haipungui, kwa sababu umekodi ndege nzima. Tiketi zingekuwa milioni 4, malazi na posho milioni 3, jumla 7. Pengo limekuwa milioni 13, na siku mlizookoa ni 12 tu. Kila siku iliyookolewa sasa inawagharimu zaidi ya 1,080,000. Safari ile ile, ndege ile ile, na jibu limegeuka. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ndege ya kukodi ina faida, namuuliza kwanza wako wangapi na wanasimama vituo vingapi. Vituo viwili au vitatu kwa siku, watu sita na kuendelea, hapo tunaweza kuongea. Kituo kimoja ambacho kina ndege ya ratiba kila siku, na watu watatu, hakuna hoja.

Kuna faida nyingine ambayo haikai vizuri kwenye safu za daftari, nami naithamini sana. Watu wale wale wanaona sehemu zote mbili kwa siku moja. Makaa yenu yanapimwa kule Ruvuma, yanapakiwa kwenye malori, yanapokelewa Mtwara. Karatasi za mizani za kule na daftari la mapokezi la huku zikitofautiana, mara nyingi kila upande una maelezo yake, na maelezo hayo hubadilika wiki ikipita katikati. Waliobishana asubuhi Songea wakisimama mchana huo huo mbele ya rundo lenyewe Mtwara, na karatasi za asubuhi ziko mkononi, ubishi huwa mfupi. Niliwahi kupeleka timu ya namna hiyo mara nyingi tu, na nikiwa nimekaa chini ya bawa nikisubiri, naona kwa jinsi wanavyorudi wakitembea kama mambo yamekaa sawa au bado.

Kuhusu ndege yenyewe. Kwa safari yenu ningeanza na Cessna Caravan, ile ya injini moja yenye bawa juu na kisanduku cha mizigo chini ya tumbo. Ndiyo ndege ya kazi ya Afrika Mashariki. Nenda Terminal 1 pale Dar, Arusha, au Wilson kule Nairobi, utaziona zimepangana. Mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo mzunguko wenu ni kama saa tano za angani. Inatua kwenye njia fupi na za vumbi. Ubaya wake uujue kabla: kwa kawaida haina choo, ina kelele, na kabini yake haishindiliwi hewa, kwa hiyo haiwezi kupanda juu kabisa ya hali ya hewa, mnapita katikati ya mawingu na mnatikisika. Mkurugenzi akikuambia mtafanya kikao angani, mwambie kwenye Caravan watu wanavaa vizuia kelele masikioni. Anayetaka kikao angani aombe Pilatus PC-12 au Beechcraft King Air. Hizo zinashindiliwa hewa, zinapita juu ya mawingu mengi, na PC-12 inakwenda karibu kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo saa tano zinakuwa kama tatu. Bei ya saa moja ni kubwa zaidi lakini saa ni chache, kwa hiyo linganisha jumla ya safari, usilinganishe bei ya saa. Jeti ndogo sikushauri kwa umbali huu. Inapofika kwenye kimo ambacho ndipo inapokula mafuta vizuri, imeshafika wakati wa kushuka.

Sasa uzito, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo safari nyingi za makampuni zinapoharibikia, tena asubuhi, watu wote wakiwa wameshafika uwanjani. Caravan kubwa inaruhusiwa kuruka na uzito usiozidi tani nne hivi kwa jumla: ndege, mafuta, marubani, ninyi na mabegi. Viti vikiwa vimefungwa, kinachobaki kwa ajili ya vyote hivyo ni kama kilo 1,600. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa takribani gramu 800, na ndege inakula kama lita 200 kwa saa. Mafuta ya saa mbili pamoja na akiba ya kisheria ni karibu kilo 500. Marubani wawili, kilo 160. Zimebaki 900 na kitu. Watu saba wa kilo 85 wanachukua karibu 600. Mnabaki na nafasi nzuri ya mizigo, lakini kama kiwanja mnachokwenda hakina mafuta, inabidi ndege ibebe ya kwenda na ya kutoka, na ile nafasi nzuri inayeyuka. Viwanja vingi vya mikoani havina mafuta ya kuaminika kila siku. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni ya ndege liwe: mafuta mtajaza wapi? Caravan yenye ninyi saba na mizigo yenu haiwezi kubeba mafuta ya saa tano pamoja na akiba inayotakiwa bila kuzidi uzito; lazima ijaze mahali, na akikujibu kwa kusitasita, huyo hajapanga safari yenu, amekupa bei tu.

Asubuhi moja nilipangiwa wateja saba, "watu wa kawaida wenye mabegi ya laptopu," ndivyo karatasi ilivyosema. Wakaja na masanduku mawili ya mbao yenye sampuli za miamba. Nikaweka sanduku la kwanza juu ya mizani, sindano ikasimama kwenye kilo 61. La pili lilikuwa zito zaidi. Kisha nikawaomba wapande mizani mmoja mmoja wakiwa wamebeba mabegi yao, na mama mmoja akauliza kwa uchungu kwa nini anapimwa kama gunia. Nilimweleza hivi: Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linapata pa kushika kidogo, pangaboi nalo linapata kidogo, na injini inapumua kidogo. Uzito uliokuwa salama Dar asubuhi unaweza usiwe salama Songea saa sita mchana. Namba aliyoikataa kwenye mizani ndiyo inayomrudisha kwa watoto wake. Masanduku yakaenda kwa basi, akapanda ndege. Wewe kama meneja, kusanya uzito halisi wa watu na mizigo siku mbili kabla na uutume kwa maandishi. Usimwachie mtu akadirie.

Sasa usalama na karatasi. Unakumbuka Emiliano Sala, mshambuliaji aliyesajiliwa na Cardiff City mwezi Januari 2019? Alipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Nantes, Ufaransa, usiku wa tarehe 21, ikaanguka baharini. Uchunguzi wa Uingereza ulionyesha kwamba rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipia wala hakuwa na sifa ya kuruka usiku, na mtu aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Nakusimulia hilo kwa sababu safari za mlango wa nyuma zipo kila mahali: mtu ana ndege yake binafsi, ana rafiki rubani, anakuletea bei inayopendeza. Bei hiyo inapendeza kwa sababu hajalipia mambo ambayo sheria inamtaka alipie. Na siku likitokea la kutokea, kampuni ya bima itauliza swali moja tu: ndege iliruhusiwa kubeba abiria wa kulipia?

Kwa hiyo omba nakala za leseni ya huduma za usafiri wa anga na cheti cha uendeshaji, ambacho sisi tunakiita AOC, vyote vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na uangalie kama ndege yenyewe mtakayopanda imeorodheshwa ndani ya cheti hicho. Herufi zilizoandikwa ubavuni zinakuambia ilikosajiliwa: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Ndege ya nje kuwachukua abiria wa kulipia Songea na kuwashusha Mtwara ni jambo linalohitaji kibali maalumu, usilipokee kirahisi. Omba cheti cha bima chenye kiwango cha dhima kwa kila abiria. Omba marubani wawili hata kama sheria inaruhusu mmoja. Ni nyongeza ndogo ya gharama, na rubani mmoja anayeumwa tumbo juu ya Hifadhi ya Nyerere hana wa kumpokea. Ninyi ni watu wa madini, kwa hiyo muulize pia mtu wenu wa usalama kazini kuhusu kiwango cha BARS cha Flight Safety Foundation, kilichotengenezwa kwa ajili ya makampuni ya sekta yenu yanayokodi ndege. Kisha rudi kwenye kabati lako mwenyewe usome bima ya maisha ya wafanyakazi, kwa sababu baadhi ya mikataba inawalipia wanaosafiri kwa ndege za ratiba peke yake. Na mkurugenzi mkuu na naibu wake wasipande ndege moja.

Naja kwenye jambo ambalo ningeliandika kwa herufi kubwa. Tarehe 29 Machi 2001, ndege ya kukodi aina ya Gulfstream III ilitoka Los Angeles kwenda Aspen, mji wa milimani jimboni Colorado. Abiria walichelewa kufika uwanjani. Aspen haikuruhusu ndege ya namna ile kutua giza likishaingia, theluji ilikuwa inadondoka, na mteja alikuwa amesisitiza kwamba lazima watue Aspen. Ndege ikaanguka kabla ya kufika njia ya kutulia. Watu wote 18 walikufa. Wachunguzi wa Marekani waliandika shinikizo la mteja miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mteja aliyekodi ndege, dada, mtu kama mkurugenzi wako.

Nami nimewahi kuwekwa kwenye kona hiyo, kwenye mji mmoja wa nyanda za juu kusini. Tulikubaliana kuondoka saa tisa alasiri. Kikao kikaendelea. Saa kumi na moja bado. Saa moja kasoro robo gari likaja kwa kasi, bosi akateremka simu ikiwa sikioni, akanionyesha mlango wa ndege kwa kidole. Njia ya pale haikuwa na taa. Ningeruka kwenye giza, na kama injini ingesumbua nikiwa ndiyo kwanza nimenyanyuka, nisingekuwa na njia ya kurudia. Nikamwambia tunalala. Akanitolea maneno mazito mbele ya watu wake, akapiga simu ofisini kwetu, akasema hatatukodi tena. Tukalala. Asubuhi tuliruka saa kumi na mbili na nusu, na hakunisemesha mpaka Dar. Kampuni yake iliacha kutukodi kweli, na sijawahi kujuta hata siku moja. Ninachokuomba ni hiki: andika kwenye sera yenu ya safari kwamba uamuzi wa kuruka au kutoruka ni wa rubani peke yake, hakuna mfanyakazi wa cheo chochote anayeruhusiwa kubishana naye, na gharama ya kulala ikitokea kampuni inalipa bila kumuuliza mtu. Halafu weka kabisa kwenye bajeti usiku mmoja wa dharura kwa watu wote. Hela hiyo ikiwepo, shinikizo linapungua lenyewe.

Kwenye profoma angalia yale yanayofichwa chini. Ndege inalala wapi? Kama makao yake ni Arusha, kuna safari tupu ya kuja Dar kuwachukua na nyingine ya kurudi, na zote mnazilipia ninyi. Uliza gharama ya kusubiri, ada za kutua na kuegesha, tozo za abiria, chakula na malazi ya marubani, VAT kama imo au haimo, na itakuwaje mkiahirisha siku mbili kabla au siku yenyewe. Uliza pia ndege ikiharibika wataleta ipi badala yake, na iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye ndege za kukodi inapotea kwa saa.

Mjumbe wenu anayetaka kununua mpelekee hesabu hii. Mnasafiri mara nne kwa mwaka, saa tano kila mara: saa 20. Tuongeze safari za dharura, tufikishe 60. Ndege iliyoegeshwa inaendelea kula: mishahara ya marubani wasiopungua wawili na mafunzo yao ya kila mwaka, bima, maegesho, fundi mwenye leseni, ukaguzi wa muda maalumu hata kama haijaruka. Injini ya Caravan, PT6, kwa utaratibu wa kawaida inafunguliwa na kutengenezwa upya ikifika saa 3,600, na kazi hiyo ni mamia ya maelfu ya dola. Anayekodi analipa kasehemu ka gharama hizo kwa kila saa anayoruka, kisha anarudi nyumbani bila ndege ya kulisha. Kipimo changu mimi, kwa niliyoyaona, ni kwamba kampuni isiyofikisha saa 300 kwa mwaka isianze hata kuulizia bei. Ninyi hamjafika robo ya hapo.

Kuna jambo moja kwenye barua yako limenipa wasiwasi. Umesema ofisi ya uzalishaji iko Songea. Kama watu wanataka kufika mpaka mgodini Mbinga, siku moja haitoshi. Songea mpaka Mbinga mjini ni kama kilomita 100, mgodi uko mbele zaidi au pembeni, na kwenda na kurudi kunameza asubuhi yote. Hapo aidha mlale Songea usiku mmoja na ndege ilale nanyi, au wa mgodini waje Songea kukutana nanyi. Mpange hilo sasa, msije kulipanga siku yenyewe mkiwa ndani ya gari.

Mkikubaliana kukutana Songea, siku ningeipanga hivi. Watu wawe Terminal 1 saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndege iruke saa kumi na mbili na nusu. Songea iwe ya kwanza, kwa sababu ndiko juu, na mawingu ya mchana yanajijenga kule mapema, hasa kuanzia Novemba mpaka Aprili. Mtafika saa mbili na nusu, mna saa tatu na nusu za kazi. Saa sita muondoke, saa nane kasoro dakika ishirini mko Mtwara. Huko mna kama saa mbili za bandarini. Ndege iruke saa kumi na moja jioni, itue Dar saa kumi na mbili na dakika ishirini, mwanga bado upo, na hata mkichelewa kidogo Dar ina taa. Ila kumbuka marubani watakuwa wameripoti alfajiri ile ile, na mpaka wafunge ndege watakuwa na kama saa 13 kazini. Sheria ina kikomo chake, na uthibitishe na kampuni ya ndege kwamba ratiba hii inakaa ndani yake. Mkizidisha saa moja Mtwara, wanaweza kukataa kuruka na watakuwa na haki. Kwa hiyo magari ya kuwarudisha watu uwanjani Mtwara yawe mlangoni saa kumi kamili, na umteue mtu mmoja, asiwe mkurugenzi, wa kuingia kwenye kikao na kusema muda umekwisha.